Maji yanakupa muda gani?

Katikati ya Aprili 2020 tulikuwa Buffalo, tumefungiwa ndani na korona kama dunia nzima, simu ya baba ikaanza kulia bila kukoma. Mvua kubwa ilikuwa imepiga Uvira. Mto Mulongwe, pamoja na mito mingine inayoshuka kutoka milimani na kukatiza mji, ulitoka kwenye njia yake. Makumi ya watu walikufa. Maelfu ya nyumba zilibomoka. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alipona na watoto wake wote, lakini nyumba haikupona. Tulipompata kwenye simu siku ya pili alisema neno moja ambalo baba analirudia mpaka leo: “Yaya, hatukupata hata nafasi ya kuvala viatu.”

Tukafanya kile ambacho familia zetu zote hufanya. Tukachanga. Sisi wa Buffalo, binamu wa Columbus, mjomba aliyebaki Louisville, kila mtu alitoa alichonacho. Nyumba ikajengwa upya, kwenye kiwanja kilekile, hatua arobaini hivi kutoka mtoni. Hakuna aliyeuliza swali, na mimi ni mmoja wao. Nilituma dola zangu 150 na kujisikia mtoto mwema.

Mwaka huu shangazi ameomba tumsaidie kuongeza vyumba viwili. Safari hii nina swali, na wengi wenu mliosikia kipindi kilichopita mliniandikia nilieleze vizuri zaidi kuliko nilivyolieleza kwenye maikrofoni. Swali ni hili: maji yakija tena, yatampa muda gani?

Nilidhani hilo ni swali la Mungu peke yake. Kumbe lina hesabu, na hesabu hiyo watu wameihangaikia kwa miaka 400. Tena kila mji tuliokaa hapa Marekani uliwahi kulijibu kwa namna yake, na kulilipia. Twende mji kwa mji.

Louisville: maji ya siku nyingi

Tulifika Louisville mwaka 2010, nikiwa na miaka tisa, tukitokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Baba alikuwa mvuvi wa Uvira mpaka vita ya 1996 ilipomvusha ziwa. Kabla hajauliza habari ya kazi, aliuliza, “Maji iko wapi?” Akapelekwa kuuona mto Ohio. Akautazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Hii ni mzee. Inatembea pole.”

Alikuwa sawa, isipokuwa sehemu moja. Pale Louisville mto unashuka kama mita 8 ndani ya kilomita 4 hivi, juu ya miamba ya zamani sana. Ni maporomoko ya Ohio, na ndiyo yaliyouzaa mji. Mashua zilikuwa haziwezi kupita salama maji yakiwa kidogo, kwa hiyo watu walishusha mizigo, wakaibeba kwa miguu na punda, wakaipakia tena upande wa chini. Wapagazi na wafanyabiashara wakajenga, mji ukakua. Mwaka 1830 mfereji ulifunguliwa ili mashua zipite pembeni, lakini mji ulikuwa umeshakuwepo.

Jirani yetu mmoja, mzee mweusi aliyezaliwa na kukulia upande wa magharibi wa mji, alikuwa mtoto wa miaka tisa, kama mimi, mwaka 1937. Alinisimulia mafuriko ya Januari ya mwaka ule kama babu anavyosimulia vita. Mvua ilinyesha wiki kwa wiki. Mto ulipanda polepole, barabara moja baada ya nyingine. Kilele kilifika tarehe 27 Januari. Karibu asilimia 70 ya mji ulikuwa chini ya maji na watu 175,000 walikuwa wamehama nyumba zao. Redio ilikuwa ikitaja mitaa inayohitaji mashua, usiku na mchana. Watu walitengeneza daraja la kuelea kwa kutumia mapipa matupu ya wiski, maana Kentucky haijawahi kukosa mapipa, na maelfu wakatembea juu yake kwenda sehemu ya juu.

Watu 90 hivi walikufa Louisville. Ni wengi. Lakini tazama hizo namba mbili pamoja: watu 175,000 waliohama, na 90 waliokufa. Walipata muda. Kwa nini?

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Mwaka 1628 mtawa mmoja wa Italia, Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galileo, alichapisha kitabu kidogo kuhusu kupima maji yanayotembea. Kanuni yake unaweza kuibeba mfukoni: kama mto haupokei wala haupotezi maji njiani, basi maji yanayopita hapa kwa sekunde moja ni sawa na yanayopita pale. Ukizidisha upana wa mto kwa kina chake, kisha kwa mwendo wa maji, jibu ni lilelile kila mahali. Kwa hiyo mto ukibanwa, maji yana njia mbili tu: yakimbie zaidi, au yapande juu. Mara nyingi hufanya yote mawili. Ukibana bomba la bustani kwa kidole gumba, hiyo ndiyo Castelli.

Lakini Castelli hakusema mwendo wenyewe unatoka wapi. Miaka zaidi ya mia baadaye, Mfaransa Antoine Chézy aliambiwa atafute namna ya kuleta maji Paris kwa mfereji. Akaona kuna ugomvi wa vitu viwili. Mteremko unayavuta maji mbele, na kingo za mto, mawe na matope, zinayashika nyuma. Maji hutembea kwa mwendo ambapo nguvu hizo mbili zinalingana. Mwaka 1889 mhandisi wa Ireland, Robert Manning, aliiweka kanuni hiyo katika umbo ambalo wahandisi wanalitumia mpaka leo. Ndani yake kuna mambo matatu: mto una kina kiasi gani, kitanda chake kina mikwaruzo kiasi gani, na mteremko wake ni mkali kiasi gani.

Sehemu ya mteremko ndiyo naomba muishike. Mwendo unafuata kipeuo cha pili cha mteremko, yaani ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inakurudisha ulikoanza. Kwa mito miwili inayofanana kwa mengine yote, mteremko ukiwa mkali mara 4, maji yanakimbia mara 2. Ukiwa mkali mara 100, yanakimbia mara 10.

Ohio unatoka Pittsburgh hadi Louisville kwa karibu kilomita 970, na ukiacha yale maporomoko, unashuka kidogokidogo sana. Unakusanya maji ya eneo linalozidi kilomita za mraba 200,000. Mafuriko yake ni kama treni ndefu: yanaonekana yakija. Mwaka 1937 kilele kilipita Cincinnati tarehe 26 na Louisville tarehe 27. Watu wa chini walisikia habari za watu wa juu kwenye redio, wakafunga virago. Baba alisema mto ni mzee na unatembea pole. Manning angesema kitu hichohicho kwa herufi na namba.

Columbus: maji ya saa chache

Mwaka 2014 tulihamia Columbus, baba akifuata kazi ya ghala. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu na hasira ya kuacha marafiki. Jumapili tulikuwa tukitembea Franklinton, mtaa wa zamani ulio ng'ambo ya mto Scioto ukitazama majengo marefu ya katikati ya mji. Pale kuna ukuta mrefu wa kuzuia mafuriko. Nilidhani ni wa zamani za kale. Kumbe ulikamilika mwaka 2004, miaka 91 baada ya siku iliyousababisha.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 25 Machi 1913. Ohio nzima ilikuwa imelowa, ardhi haikuweza kunywa maji tena. Tuta lililokuwa likilinda Franklinton lilivunjika, na mtaa ambao ulikuwa kavu asubuhi ukawa ziwa siku hiyohiyo. Zaidi ya watu 90 walikufa Columbus. Louisville ya 1937, na 175,000 wake waliohama, ilipoteza watu karibu idadi hiyohiyo. Kilichotofautiana ni muda. Tuta likishika, kila mtu analala. Likivunjika, maji yaliyokusanyika siku mbili yanakuja kwa saa moja.

Siku hiyohiyo, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kutoka Columbus, mji wa Dayton ulizama vibaya zaidi. Katika bonde lile la mto Miami walikufa zaidi ya watu 360. Dayton ndiyo sehemu ya hadithi ninayotaka shangazi aisikie.

Lakini kwanza nenda jikoni. Fungua bomba taratibu, maji yaangukie kwenye sehemu bapa ya sinki au mgongo wa sahani. Utaona duara: ndani maji ni membamba na yanakimbia, ukingoni yanaruka ghafla kuwa manene, na nje yanatembea polepole. Hapo kwenye ukingo ni mruko wa maji. Maji yaliyokuwa yakikimbia kuliko wimbi lao wenyewe yanagongana na maji ya polepole, na nguvu yao inaishia kwenye vurugu na povu badala ya kwenda mbele. Giorgio Bidone aliuchunguza mruko huo huko Turin mapema katika karne ya 19. Nimewahi kulitazama duara hilo kila siku nikiosha vyombo bila kujua kwamba lina historia.

Ukitaka kueleza kila tone ndani ya mruko ule, unahitaji milinganyo mizito kuliko ya Castelli. Leonhard Euler aliiandika ya kwanza mwaka 1757: alichukua kanuni ya Newton ya nguvu na mwendo, akaitumia kwa kila kipande kidogo cha maji. Claude-Louis Navier, Mfaransa aliyekuwa mhandisi wa madaraja, aliongeza mnato mwaka 1822, yaani ule ushikamano unaofanya asali iende polepole kuliko maji. George Stokes aliikamilisha mwaka 1845. Milinganyo ya Navier na Stokes ndiyo inayotumika leo kutabiri hali ya hewa, mikondo ya bahari na damu ndani ya moyo. Na bado kuna siri ndani yake. Tangu mwaka 2000 taasisi ya hisabati ya Clay imeahidi dola milioni moja kwa atakayethibitisha kama milinganyo hiyo huwa na jibu laini siku zote, au kama kuna wakati inavunjika. Pesa hizo bado zipo, kama kuna mtu anazitaka.

Dayton hawakusubiri mtu ashinde zawadi. Wakiwa bado wanachota matope, wananchi wenyewe walichanga zaidi ya dola milioni 2 za wakati ule, pesa za kuanzia ili lisitokee tena. Nikisoma hapo nilisimama. Nimezoea kuona watu wakichanga baada ya mafuriko, lakini mimi nilijua kuchanga kwa ajili ya kurudisha kilichopotea. Wao walichanga kwa ajili ya muda.

Maana ndicho walichokinunua. Mhandisi Arthur Morgan na wenzake walipima bonde zima, wakachimbua kumbukumbu za mvua, wakajenga mifano midogo ya kujaribia, kisha wakajenga mabwawa matano yaliyokamilika mwaka 1922. Mabwawa hayo hayana mageti. Hakuna mtu wa kulala akasahau kufungua. Kila bwawa lina mdomo chini, na ukubwa wa mdomo huo umepigiwa hesabu ili upitishe kiasi tu cha maji ambacho mto wa chini unaweza kukibeba bila kufurika. Siku za kawaida mto unapita kama kawaida na nyuma ya bwawa ni mashamba. Mvua kubwa ikija, maji yanayozidi yanasubiri kwenye foleni. Na kwa kuwa yanatoka mdomoni kwa kasi ya kutisha, walijenga ngazi za zege pale yanapotokea ili kulazimisha mruko ule wa jikoni. Vurugu ya maji inameza kasi papo hapo, mto wa chini unapata maji yaliyotulia. Tangu hapo mabwawa hayo yamezuia maji zaidi ya mara 2,000.

Hisabati haikuzuia mvua ya Ohio. Ilichukua maji ya saa moja ikayafanya ya siku kadhaa.

Buffalo: maji yanayorudi

Buffalo tulikuja 2017, na hapa baba alifurahi kwa sababu kuna ziwa. Ziwa Erie halina milima ya Uvira, na wakati wa baridi halimwoneshi mtu huruma, lakini ni ziwa, lina upeo.

Usiku mmoja wa Novemba upepo ulivuma kutoka kusini-magharibi mpaka madirisha yakapiga kelele. Asubuhi tulikuta maji yamepanda juu ya njia ya kutembelea ufukweni. Mvua haikuwa imenyesha hata tone. Nikashangaa. Baba hakushangaa. “Upepo imelalisha ziwa. Huku imepanda, kule ngambo imeshuka. Ngoja, itarudia.” Nikamcheka. Nikamwambia, “Baba, ziwa si beseni.”

Kumbe ni beseni kabisa, na nililipata hilo darasani mwaka wangu wa kwanza wa chuo.

Ziwa Erie lina urefu wa kilomita 388 na kina cha wastani cha mita 19 tu. Ni refu, jembamba kidogo, na halina kina, tena limelala karibu sambamba na upepo mkali wa huku. Dhoruba ikisukuma maji kuelekea Buffalo, Toledo iliyo ncha ya pili inabaki na matope. Tofauti ya zaidi ya mita 4 kati ya ncha mbili imewahi kupimwa. Upepo ukikoma, maji yanarudi, yanapitiliza, yanarudi tena, kama chai kwenye kikombe ulichokibeba vibaya.

Tarehe 18 Oktoba 1844, usiku, Buffalo haikujua hesabu hii. Siku kadhaa upepo ulikuwa umevuma kutoka kaskazini-mashariki, ukisukuma maji mbali na mji. Kisha ukageuka ghafla, ukavuma kwa nguvu kutoka kusini-magharibi. Maji yote yakarudi gizani yakiwa na upepo mgongoni, yakaruka ukuta wa bandari na kuingia kwenye nyumba za watu maskini waliokuwa wanaishi karibu na gati. Watu 78 ndio wanaotajwa kuwa walikufa. Walikuwa wamelala.

Jambo linaloniuma ni kwamba hesabu ya maji yanayorudi ilikuwa tayari imeshaandikwa. Johann Rudolf Merian wa Basel, Uswisi, aliichapisha mwaka 1828, miaka 16 kabla, lakini haikusomwa na wengi. Aliyeipa uhai ni Mswisi mwingine, François-Alphonse Forel, aliyeanza mwaka 1869 kupima kupanda na kushuka kwa ziwa Geneva. Watu wa ziwa lile walikuwa na jina lao la jambo hilo, seiche, tulitamke “seshi”. Forel hakulitupa neno la wavuvi akatafuta la Kigiriki. Alilichukua, akalipima, akakuta ziwa lao linakwenda na kurudi kwa dakika 73 hivi. Leo wanasayansi wa dunia nzima wanatumia neno hilo la wavuvi.

Kanuni ya Merian ni hii. Chukua urefu wa ziwa, zidisha kwa 2, maana ni kwenda na kurudi. Gawanya kwa mwendo wa wimbi. Mwendo wa wimbi ni kipeuo cha pili cha kina cha maji ukikizidisha kwa 9.8, ile namba ya mvutano wa dunia. Kwa Erie, mwendo unatoka kama kilomita 49 kwa saa, na muda wa kwenda na kurudi karibu saa 16. Ziwa lenyewe likipimwa hutumia karibu saa 14, kwa sababu halina kina kimoja kila mahali. Lakini kalamu na karatasi vimekufikisha karibu sana. Kama maji yamepanda Buffalo saa mbili usiku, unajua ni lini uyatarajie tena.

Nikafanya hesabu hiyohiyo kwa ziwa Tanganyika: urefu wa kilomita 670 hivi, kina cha wastani mita 570. Wimbi linakimbia kilomita 270 kwa saa, na ziwa zima linakwenda na kurudi kwa takriban saa 5. Nikampelekea baba karatasi kama mtoto anayeleta ripoti ya shule.

Akaitazama, akasema, “Hii ni ya juu. Sisi tulikuwa tunafuata ya chini.”

Wimbi la chini

Tanganyika ni maziwa mawili yaliyolaliana. Juu kuna maji ya moto kidogo, chini kuna ya baridi, mazito zaidi, ambayo hayachanganyiki na ya juu kwa urahisi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuelekea Uvira na Bujumbura. Kule kusini, upande wa Mpulungu, maji ya baridi yanapanda na kuleta chakula cha vijimea, na vijimea huleta ndagala, na ndagala huleta mikeke. Upepo ukikoma, mpaka kati ya maji mawili unaanza kuyumba, kaskazini, kusini, kaskazini. Juu ya ziwa huoni kitu.

Kanuni ni ya Merian ileile, ila namba moja inabadilika. Wimbi hili haliinui maji dhidi ya hewa, linainua maji baridi dhidi ya maji ya moto, na tofauti ya uzito wake haifiki hata sehemu moja kwa elfu. Kwa hiyo mvutano unafanya kazi kama vile umepungua zaidi ya mara elfu. Nikiweka tabaka la juu la mita 50, wimbi linatembea kama mzee anayetoka sokoni, zaidi kidogo ya kilomita 2 kwa saa. Kwenda na kurudi kunachukua siku 25 hivi. Mradi wa FAO na Finland ulioanza mwaka 1992 uliweka vifaa vya kupima joto la maji na upepo ziwani, na vipimo vya wataalamu vinaonyesha wimbi hilo linachukua kati ya wiki tatu na tano.

Nilipomsomea baba, alinyamaza. Kisha: “Upepo ikisimama tulikuwa tunahesabu siku. Kuna siku ndagala iko, kuna siku inapotea, halafu inarudia. Bazee balisema ni mwezi.” Na kweli wavuvi wa taa wanahesabu mwezi, kwa sababu usiku wa mbalamwezi taa haivuti samaki. Labda wazee waliona mambo mawili yenye muda unaokaribiana wakayapa jina moja. Siwezi kuthibitisha. Lakini walikuwa na hesabu, na hesabu yao ilikuwa ya muda, na ndiyo iliyomlea baba yangu.

Sikumcheka tena.

Uvira: maji ya dakika

Sasa turudi kwa shangazi. Uvira imebanwa kati ya ziwa, lililo kwenye mwinuko wa mita 770 hivi, na milima inayopita mita 3,000 mgongoni mwake. Mulongwe hauna kilomita 970 za kutembea pole. Kumbuka Manning: mteremko mkali, mwendo mkali. Kumbuka Castelli: kila ukuta mpya kando ya mto, pamoja na ule tuliolipia sisi, unaubana mto zaidi. Tulituma pesa kwa upendo, na upendo huo umepunguza njia ya maji.

Niliwaandikia kwenye grupu la familia. Mjomba wa Louisville alikasirika: “Unataka ahame kiwanja cha baba yetu kwa sababu ya hesabu ya Wazungu?” Namwelewa. Babu alikijenga kiwanja kile. Lakini kanuni hizi si za Wazungu zaidi ya vile mvua ilivyo ya Wazungu. Maji ya Dayton na maji ya Mulongwe yanatii milinganyo ileile. Tofauti ni kwamba Dayton kuna watu waliopewa kazi ya kupima, vyombo vya kupimia, na pesa za kujenga kilichopimwa. Uvira ina wasomi wa maji, kina kituo cha utafiti, CRH, pale pale mjini. Ujuzi upo.

Kwa hiyo nimependekeza mambo mawili, na baba ameniunga mkono. La kwanza: pesa za vyumba viwili ziwe mwanzo wa kununua kiwanja cha juu zaidi, mbali na mto, hata kama itachukua miaka mitatu. Kiwanja cha babu kibaki shamba la mboga. Mto ukija, uchukue mchicha.

La pili ni la sasa hivi, kabla ya mvua. Binamu yetu anakaa juu ya mto, kama kilomita 3 kutoka kwa shangazi. Amepaka mistari mitatu ya rangi kwenye ukuta wa mawe kando ya maji: nyeupe, njano, nyekundu. Maji yakifika njano, anapiga simu, hata kama ni usiku wa manane. Maji ya mafuriko yakikimbia mita 3 kwa sekunde, kilomita 3 ni sekunde 1,000. Hazifiki dakika 17. Yakikimbia zaidi, zinapungua.

Dakika 17 haziokoi nyumba wala magodoro. Nilimpigia shangazi nikamweleza hesabu yote, polepole, kwa Kiswahili changu cha Buffalo anachokichekaga. Alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu kuhama alisema atafikiri. Kuhusu mistari aliniuliza kitu kimoja tu: “Dakika kumi na saba, inatosha kuamsha batoto bote?”

Nikamwambia inatosha.

“Na kuvala viatu?”

Nikamwambia na viatu pia.